Somo, nimehamia kichwani mwa mto

Pugu Kajiungeni,
Dar es Salaam.
15 Juni 2025

Somo yangu mpenzi,

Habari za huko Songea? Shemeji hajambo, watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Kahawa uliyompa yule kijana wa basi imefika salama, na barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa jikoni mpaka wali ukaungua.

Umeuliza kama nyumba ya mama pale Suna, Magomeni, bondeni mwa Mto Msimbazi, bado ipo. Haipo, somo. Nimeivunja kwa mikono yangu mwanzoni mwa 2024, fidia ya kupisha mradi wa bonde ilipoingia benki. Nilichukua mabati, madirisha na ule mlango wa chumbani. Matofali hayakufaa kitu, ukiligusa linamomonyoka kama andazi la jana. Yalikuwa yamekunywa maji tangu sisi tunacheza rede.

Mlango nimeubeba kwa sababu ya mistari. Unakumbuka mama alivyokuwa na kipande chake cha mkaa, maji yakishapungua tu, kabla hata ya kufagia tope, anachora mstari pale yalipofika? Mvua za El Niño za 1998 zipo magotini. Desemba 2011 ipo juu ya kitasa, na ule mstari aliuchora mkono ukimtetemeka. Usiku ule tulikaa juu ya bati, wewe, mimi, mama na kuku mmoja ambaye hatukujua ni wa nani. Jiji zima walikufa watu zaidi ya 40. Baada ya hapo nyie mkapewa na serikali kiwanja Mabwepande, mbali na bonde, mama akakataa kwenda, akasema hawezi kuishi mahali ambapo hasikii adhana ya Magomeni. Basi tukabaki, tukaongeza kifusi.

Nataka nikwambie habari ya kifusi, maana ndiyo iliyonikera na ndiyo iliyonitia aibu.

Mthamini alipokuja alipima kuta, akahesabu mwarobaini na mpapai, akaandika choo. Akaniuliza kama kuna kingine. Nikamwambia kuna malori. Akashangaa, malori gani? Nikamweleza: kila tukimaliza masika, mama anauza vitumbua mpaka apate hela ya lori moja la kifusi, tunamwaga uani, tunashindilia. Ukiangalia nyumba ilivyokuwa mwisho, mlango ulikuwa umebaki mfupi, unaingia umeinama, kwa sababu sakafu ndiyo iliyokuwa ikipanda. Maisha ya mama yote yamelala mle chini. Yule kijana akafunga daftari lake kwa adabu, akasema mama, fomu haina sehemu ya kifusi.

Nililala na hasira. Halafu ukaitishwa mkutano pale mtaani, mhandisi mmoja akachora bonde kwenye karatasi kubwa. Akasema bonde ni kama sinia. Maji yakimwagwa kwenye sinia lazima yapate mahali pa kulala. Ukijaza upande mmoja, hayapotei, yanahamia kwa mwenzako. Somo, mimi nikamtazama mama wa maandazi, yule jirani wa ng'ambo ya mfereji, naye akanitazama. Miaka yote ile alikuwa akilalamika kwamba maji kwake yanazidi, na sisi tukimwambia ni mambo ya Mungu. Niliona haya. Si sana lakini, maana naye alikuwa akimwaga kifusi cha kwake, tena usiku.

Sasa mradi wenyewe. Unaitwa wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unasimamiwa na TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kuna mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, Hispania na Uholanzi nao wameweka chao. Wanachotaka kufanya, nilivyoelewa mimi, ni kuupa mto nafasi: kuutanua na kuuchimba kina kule chini, kuanzia Barabara ya Kawawa hadi unapomwagika baharini pale Daraja la Salenda kwenye mikoko. Udongo wanaoutoa wanauinulia kingo, huko juu ndiko yatakapojengwa majengo, na katikati inabaki bustani ya kupumzikia watu. Mvua ikija bustani izame, ikiondoka watu warudi kukaa kwenye majani. Kwa hiyo kile tulichokuwa tukikifanya na malori ya mama wanakifanya na wao, isipokuwa wao wanachimba kwanza ndipo wanainua. Sisi tulikuwa tunainua tu.

Na Jangwani, pale barabara inapovuka bonde, linajengwa daraja jipya, mita 390. Hili nalifurahia bila kujizuia. Wewe hujapata kukaa kituo cha Fire ndani ya daladala kwa saa tatu, watu wanaambiana Jangwani imefungwa, na ng'ambo Magomeni unaiona kabisa kwa macho. Karakana ya mabasi ya mwendokasi walikuja kuijenga mlemle bondeni, mabasi yakazama. Mama angekuwa hai angewauzia mkaa.

Bustani ikimalizika patakuwa na ugomvi, nakwambia mapema. Ikiitwa Msimbazi, Simba wenye klabu Mtaa wa Msimbazi watasema ni yao. Ikiitwa Jangwani, sisi Yanga wenye klabu Jangwani ndio wenyewe, na tulivyoelea mle miaka yote tuna haki.

Watu wa mchicha, wale waliokuwa wakilima bondeni, ndio wanaoniuma. Hawana nyumba ya kupimwa, wana matuta, na matuta yanahama kila msimu. Wengine walilipwa mazao yao, wengine nasikia wamehamia kando ya reli. Mchicha wa Msimbazi tulikuwa tunausema kwamba umenyweshwa maji ya machinjio ya Vingunguti, na bado tulikuwa tukiula.

Lakini kuna jambo moja linanikosesha amani, na ndilo hasa lililonifanya nikae chini nikuandikie barua badala ya kukutumia sauti ya dakika mbili.

Fidia ilinitosha kiwanja huku Pugu. Nilipofika nikaambiwa na wenyeji kwamba Msimbazi unaanzia vilima hivihivi. Nilicheka. Nimeukimbia mto miaka yote nimekuja kukaa kichwani mwake! Kijito cha nyuma ya nyumba yangu unakiruka bila kupandisha kanga. Ila ukitazama vilima utashtuka: miti imekatwa, ardhi imechanika makorongo, na malori yanashuka korongoni tangu alfajiri kuchota mchanga. Mvua moja tu, kila kilicholegea kinashuka. Pale Jangwani vijiko, yale magari ya kuchimbia, vimechimba chini ya daraja la zamani mwaka hadi mwaka, na kila masika panajaa tena, mpaka mtu mzima akipita chini anainama. Nilikuwa nadhani ni takataka. Takataka zipo, chupa na magodoro, lakini mzigo wenyewe ni mchanga wa huku.

Na mimi nimenunua malori manne. Nilipokuwa napiga plasta sikumuuliza dereva ameutoa wapi, kwa sababu nilikuwa nalijua jibu na bei ilikuwa nzuri. Sebule yangu imesakafiwa na mto, somo. Tena vizuri, fundi amejitahidi.

Nimepanda matete na mikorosho minne pembeni ya kijito. Jirani ananiona nimechanganyikiwa, kwamba nang'ang'ania kulinda maji yasiyofika hata kwenye kifundo cha mguu. Sijamwonyesha ule mlango. Umeegemea ukutani chumbani kwangu, sijapata pa kuufunga kwa sababu milango ya huku ni mirefu.

Shangazi yako bado yupo Suna, nyumba yake ilikuwa nje ya mpaka wa mradi kwa hatua kama thelathini. Daraja halijaisha, vijiko bado havijafika upande wake, na maji bado yanamwingilia. Kwa hiyo tumepatana. Masika iliyopita mvua kubwa ikianza kunyesha huku usiku, nilikuwa natoka na tochi nakwenda kutazama kijito. Kikishapita lile jiwe nililolipaka chokaa, nampigia simu. Siku ya kwanza aligomba, akasema huku Suna nyota zinawaka, niache kumsumbua. Baada ya saa kadhaa akanipigia yeye, akiwa ameshapandisha godoro juu ya kabati.

Sasa nikipiga halo hasemi. Ananiuliza tu, "Kimepita jiwe?"

Msalimie sana shemeji.

Ni mimi somo yako.