Wauza mivumba, msitenganishe treni ndogo na reli zake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafanyabiashara wa mivumba, yaani mitumba, hasa wanaofungua katoni za vitu vya nyumbani kutoka Uingereza, pale soko la Owino na kwenye maduka mengine ya Kampala. Ndani ya katoni hizo hutokea treni ndogo za umeme, zile za kuendeshwa juu ya meza. Zikishafika sokoni husambaratishwa. Kichwa hutupwa kwenye lundo la midoli, reli huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na transfoma huishia kwa mafundi wa redio. Mimi ni fundi redio hapa Tororo, na transfoma hizo huletwa kwenye benchi langu ili nizivunje nitoe waya wa shaba. Nikiona imeandikwa volti 12 DC, na ina kirungu cha kuongeza na kupunguza mwendo, naumia, kwa sababu najua reli na kichwa chake vimekwenda njia nyingine na havitakutana tena.

Ndugu zangu, mnajipunja. Kichwa kikiwa peke yake mnakiuza elfu kumi kama kigari cha mtoto. Kikiwa na reli zake, mabehewa mawili matatu na transfoma, mimi nitatoa laki moja na nusu bila kubishana, na si mimi peke yangu. Kichwa kipya cha kampuni ya Hornby huko Uingereza siku hizi hupita kwa urahisi pauni 150, yaani kama laki saba zetu. Ukikiagiza, unalipa nauli, halafu forodha inatoza kodi ya VAT ya asilimia 18. Mtu wa kipato changu hawezi. Njia yetu ni vitu vilivyokwisha kutumika, na hivyo vimo mikononi mwenu.

Na wanunuzi wenzangu nao wajue kuchagua. Mimi nikienda sokoni mfukoni huwa na kipande kimoja cha reli, betri ya mraba ya volti 9 yenye nyaya mbili, na sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Kichwa nakiweka juu ya reli, nyaya nazigusisha moja huku na moja huku. Kikitembea, vizuri. Kikinguruma bila kusogea, mara nyingi ni grisi iliyoganda miaka yote ile kilipokaa darini, na hiyo si kasoro ya kukufanya ukiache. Ni sababu ya kupunguziwa bei. Kikiwa kimya kabisa, nafungua na kutazama makaa (brashi) ya mota na uchafu kwenye magurudumu. Spiriti ile ya kusafishia bodi za simu, pamba ya masikio na subira vimefufua vichwa vingi vya kampuni ya Lima vilivyohesabiwa kuwa vimekufa. Kitu kimoja tu hakina dawa: chesisi ya kale ya aloi ya zinki ikianza kuvimba na kupasuka nyufa. Hiyo itaendelea kumomonyoka hata ukiipaka nini. Irudishe kwenye lundo.

Sumaku ni ya reli. Ikinasa, reli ni ya chuma, na kwa unyevu wetu itashika kutu. Isiponasa, na rangi yake ni ya fedha, hiyo ni aloi ya nikeli. Nunua hata kama imefubaa.

Kuna jambo linalowaumiza wengi. Mtu anaona jina kubwa, Märklin, anafurahi, analipa, akifika nyumbani treni haiendi. Kigeuze kichwa tumbo juu kabla hujalipa. Ukiona katikati kuna ulimi mrefu wa chuma, hicho kinachukua umeme kutoka kwenye vinundu vilivyo katikati ya reli, tena umeme wa AC, si DC. Kwenye reli za kawaida za pande mbili hakitafanya kazi. Si kibovu, ila kinahitaji reli zake, na ndiyo maana nawalilia wauzaji wasivitenganishe. Pima pia upana wa reli kwa rula. Milimita 16.5 ndizo nyingi, na zinabeba treni za Kiingereza za Hornby na zile za Ulaya za kipimo cha 1:87 (yaani ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli), ingawa za Kiingereza zina mwili mkubwa kidogo. Milimita 9 ni za aina ndogo zaidi, hazichanganyiki na hizo.

Umeme usiwatie hofu. Vifaa vya Uingereza vinaingia kwenye soketi zetu vilivyo: pini tatu za bapa, volti 240. Vya Marekani ni vya volti 120, msivichomeke ukutani, vitaungua. Na asiye na transfoma aje kwa fundi yeyote amtengenezee kwa kile kibodi kidogo cha kurekebisha kasi ya mota, kiunganishwe na betri ya sola ya volti 12. Fyuzi ni lazima! Treni ikiacha njia magurudumu hugusanisha reli mbili, na betri ya sola inaweza kuyeyusha waya mara moja. Kwangu umeme ukikatika jioni, treni inaendelea.

Kwa nini nayajali haya? Baba alikuwa gadi wa treni, nimekulia kotasi za reli. Tororo ndipo njia inapogawanyika: moja yaenda Jinja na Kampala, nyingine inapanda Mbale, Soroti, Lira, Gulu hadi Pakwach. Watoto wa mtaa wangu wanaijua reli kwa behewa za mizigo tu. Treni ya abiria ni hadithi ya wazee. Kwenye ubao wa plaiwudi nimeyajenga makutano hayo, na mwamba wetu wa Tororo nyuma yake kwa magazeti na gundi. Mpwa wangu wa miaka kumi ndiye anayeshika pointi, zile reli za kubadilishia njia. Akitaka treni irudi nyuma anageuza nyaya, na hivyo ameelewa chanya na hasi kabla mwalimu hajafika kwenye somo hilo. Juzi aliniuliza mbona reli yetu ya kweli, ukiilinganisha na ukubwa wa treni, ni nyembamba kuliko ya kwenye ubao. Tulikaa tukapiga hesabu: reli yetu ya zamani ni ya mita moja, ambayo kwa 1:87 ingekuwa kama milimita 12, zile 16.5 zinawakilisha reli ya milimita 1,435, hiyo SGR, reli mpya pana tunayoahidiwa. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo hatausahau uwiano.

Basi nawaomba wauzaji: mkikuta reli kwenye katoni, tafuteni kichwa na transfoma humo humo kabla ya kugawa, mfunge pamoja kwa kamba. Walio na ndugu wanaorudi kutoka Uingereza wawaambie wapite kwenye maduka ya hisani na minada ya huko, wachukue sanduku moja tugawane gharama. Na wenye makumbusho ya reli Jinja, yaliyofunguliwa 2022 pale stesheni, watupe meza Jumamosi moja tubadilishane tulivyo navyo, kwani huyu ana reli hana kichwa, na yule ana kichwa hana reli. Nitakuja na betri na vifaa vyangu. Mwenye kichwa kisichotembea akilete, nitakifungua hapo hapo bila malipo.

Fundi redio,
Tororo