Barua kwa Mwanaidi, kuhusu kwenda kusoma

Chuda, Tanga

Mwanaidi shoga yangu,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji na watoto nao wazima. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza utashuka lini kutoka Handeni.

Barua yako niliisoma zamu ya usiku, leba ilipotulia kidogo, na asubuhi nikairudia. Unauliza uombe ruhusa ya masomo ukachukue shahada, au ubaki kituoni kwa sababu ukiondoka wewe leba inabaki na mkunga mmoja. Jibu langu ni nenda. Ila usiondoke hivihivi. Kuna jambo nataka ulianzishe hapo kwanza, maana hilo kwangu lina uzito kuliko hata shahada yenyewe.

Kwanza hiyo shahada. Watakuja watu wakwambie ni karatasi ya kupandia daraja tu, nesi ni nesi. Usiwasikilize. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken, uliofanyika katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji zaidi ya laki nne. Waliona kwamba kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 7. Najua Ulaya si Handeni. Lakini mgonjwa anayeanza kubadilika saa nane za usiku habagui nchi: anahitaji mtu wa kuona mapema kuwa mapigo yanapanda na mkojo unapungua, aunganishe hayo mawili, na awe na ujasiri wa kumwamsha daktari. Elimu ndiyo inayompa mtu jicho hilo na ulimi huo.

Utafiti huohuo ulisema jambo la pili, na wengi hulipita. Kila nesi alipoongezewa mgonjwa mmoja wa kuhudumia, uwezekano wa kufa ulipanda, nao kwa asilimia 7. Kwa hiyo ukienda kusoma na nafasi yako ikabaki wazi, faida yote ya masomo yako inalipwa na wale kina mama wa hapo kituoni. Ukiandika barua ya ruhusa, andika ndani yake kwamba unaomba apelekwe mtu wa kushika nafasi yako. Usiseme kwa mdomo tu. Na ulizia Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar es Salaam, wana mpango wa shahada kwa wenye stashahada walioko kazini. Muhimbili na Moshi nako usiache kuulizia.

Sasa hilo jambo lenyewe. Umelalamika kuhusu semina, na una haki. Mtu anapanda basi, anakaa ukumbini siku nzima, anasaini, anarudi na cheti na pointi za kuhuishia leseni, na leba inaendelea vilevile. Mimi sipingi leseni kudai mtu ajiendeleze. Baraza letu la wauguzi na wakunga linafanya vyema kutusukuma. Nasema tu pointi zinahesabu kuwa ulikuwepo, hazihesabu kama mikono yako imebadilika.

Haya si maneno yangu. Pale hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa mwanasesere wa mazoezi walikuwa wazuri kuliko mwanzo. Walipotazamwa leba, kwa watoto wenyewe, hapakuonekana mabadiliko. Hospitali haikukata tamaa, ikabadili mtindo: mazoezi ya dakika 3 hadi 5, kila wiki, palepale leba, na mwanasesere yuko karibu muda wote. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hadi 7.2. Watu walewale, jengo lilelile. Mwanaidi, niliposoma hayo nilishindwa kukaa kimya.

Na sisi ambao tumekulia madrasa tusishangae. Aliyehifadhi juzuu akaacha kuirejea, baada ya muda hana kitu.

Kwetu sasa mazoezi hayo tunayafanya mara tu ripoti ya asubuhi ikiisha, kabla zamu ya usiku haijavua sare. Mwanasesere analazwa pale mezani pa kupokelea watoto, mmoja anaitwa bila kuambiwa mapema. Anamkausha, anamsugua mgongo, hapumui, anakata kitovu, anamlaza shingo ikiwa imenyooka kiasi, isiinamie kifuani wala isipinduke sana nyuma. Halafu maski. Hapo ndipo penye kazi. Kidole gumba na cha shahada vinaizunguka maski juu, vile vitatu vinashika mfupa wa taya na kuuvuta mbele. Vidole vikikandamiza nyama laini chini ya kidevu, njia ya hewa inaziba. Maski ikiachia upenyo pale shavuni, unasikia hewa inatoka fyuu na kifua hakinyanyuki. Wengine tumesimama tunatazama kifua, hatutazami uso wa mwenzetu. Kikinyanyuka mara ya kwanza, mwenye saa anataja sekunde. Lazima iwe ndani ya dakika ya kwanza. Sista mmoja aliyekaribia kustaafu alikuwa wa kwanza kujitolea, mbele ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na tangu siku ile hakuna anayeona haya kusahihishwa.

Hilo ndilo uanzishe hapo kabla hujaondoka. Huhitaji ukumbi wala posho. Unahitaji mwanasesere mmoja, maski, na yule mkunga mwenzako awe ndiye anayeongoza, usiwe wewe, ili ukiondoka lisife.

Ukishalizoea, hamishia na mengine. Wiki ya kutokwa damu baada ya kujifungua, wiki ya kifafa cha mimba na namna ya kuchanganya dawa yake, magneziamu. Na mambo yanabadilika, shoga. Sisi chuoni tulisomeshwa kwamba uchungu hai, ule wa kusukuma kazi mbele kwa kasi, unaanza njia ikifunguka sentimita 4. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema 5, na 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu wa kushika nafasi ya patografu, ile chati ya zamani ya maendeleo ya uchungu. Mkunga aliyefunga madaftari yake siku ya mahafali anaweza kumharakisha mama ambaye angejifungua salama kwa kuachwa kidogo tu.

Ukifika chuo kikuu, nakuomba jambo moja kama dada yako: usisome ili uikimbie wodi. Tuna wasomi wengi maofisini, na kitandani wanabaki wasichana waliotoka chuo jana bila wa kuwashika mkono. Rudi ufundishe ukiwa umevaa glovu.

Nimemwomba inchaji wetu mwanasesere wa zamani aliyebadilishwa, kifua chake bado kinafanya kazi, na amekubali. Nitampa dereva wa basi la Ijumaa pamoja na maski mbili na karatasi ya hatua tuliyobandika ukutani. Nipigie ukishampokea, na unitumie nakala ya barua ya ruhusa niipitie kabla hujaipeleka kwa mwajiri. Shemeji mwambie nitazungumza naye mwenyewe kuhusu watoto, mama yangu yuko tayari kumchukua yule mdogo.

Wako,
Zaina