Wahudhuriaji wasipigwe picha bila ruhusa

Mheshimiwa Mhariri,

Naandika kuhusu usalama wa watu wanaohudhuria makongamano ya jamii hapa Lubumbashi. Mwaka jana, katika mkutano mmoja, mama aliyeketi karibu nami alisimama akaeleza jinsi alivyokuwa akipigwa nyumbani. Hakujua kwamba kuna simu inayomrekodi. Kesho yake video ilikuwa imefika kwa majirani zake Katuba kupitia WhatsApp. Hajarudi mkutanoni tangu siku hiyo, nami simlaumu.

Waandaaji husema picha zinahitajika kwa ripoti ya wafadhili. Naelewa. Lakini Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za mtu binafsi, na sura ya mtu ni mojawapo.

Naomba wasiotaka kupigwa picha wapewe beji ya rangi tofauti, na jambo hilo litangazwe kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake, kabla ya mjadala kuanza. Pia wateuliwe watu wawili, mmoja wao mwanamke, wa kupokea malalamiko kwa siri. Namba zao zibandikwe mlangoni na hata chooni, mahali ambapo mtu anaweza kuzinakili bila kutazamwa.

Mkaaji wa Kampemba, Lubumbashi