Barua kwa mwanangu: tia bildi kwanza

Mtongwe, Mombasa

Binti yangu,

Assalaam alaykum. Huku tuko salama, ila mamako kagombana na feri. Jana alikwama kivukoni saa nzima na ushei, kafika nyumbani samaki wamelegea, na mtu wa kumkasirikia nikawa mimi. Msalimie shangazi yako, mwambie maembe yake ya Malindi yamefika na yameliwa siku hiyo hiyo.

Karatasi ulizonitumia za vyuo vya kusomea kupima wagonjwa kwa altrasaundi nimezisoma zote, hata ile ya Marekani yenye picha ya wasichana wanaocheka na makoti meupe. Unauliza: baba, nichague lipi? Ningekujibu kwa simu, lakini wajua kwa simu anayejibu huwa ni mamako. Yeye keshaamua: digrii, tena ya ng'ambo. Mimi nataka kwanza tuelewane ni kazi gani hii unayoitaka, kwa sababu kwenye zile karatasi sikuiona.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa na bildi ndani ya dau lake. Wewe hukuiwahi. Kipande cha risasi kama ndizi mbichi, kamba yenye mafundo, na chini ya risasi pana tundu alilolijaza shahamu. Akiitupa, ikagusa, anahesabu pima. Halafu anaivuta na kuitazama ile shahamu imenasa nini. Mchanga? Tope? Ikirudi safi na kuchubuka, hapo ni mwamba. Mimi nikiitupa kamba ile ile nilipata pima zile zile. Lakini yeye alijua kwamba mchanga wa rangi ile, karibu na mwamba ule, ndipo changu wanapolala. Mimi nilikuwa na urefu wa kamba tu.

Altrasaundi ni bildi. Badala ya risasi unatupa sauti, nyembamba mno kwa sikio la mtu. Sikio letu likijitahidi sana linaishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ya kuangalia tumbo huwa kama milioni 3 na nusu. Inagonga ini, figo, ukuta wa tumbo la uzazi, kila mpaka unarudisha mwangwi wake, na mashine inahesabu muda. Inachukulia kwamba ndani ya mwili sauti hukimbia mita 1,540 kwa sekunde, si mbali na mwendo wake ndani ya maji ya bahari. Sentimita moja ya kina, kwenda na kurudi, ni sehemu 13 za milioni ya sekunde. Jeli ile baridi inayowarusha wagonjwa ni ya kufukuza hewa tu. Hewa ikibaki baina ya ngozi na probu, kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, sauti karibu yote inageukia pale pale mlangoni. Ndiyo maana utumbo wenye gesi utakuudhi maisha yako yote, na kibofu cha mkojo kilichojaa utakipenda: kinasukuma utumbo kando na kukufungulia dirisha la maji.

Hiyo ndiyo fizikia uliyokuwa ukiikimbia Form Three. Huna pa kuikimbilia tena. Ukitaka picha safi tumia mitetemo mingi, lakini haitafika mbali. Ukitaka kufika mbali, usafi unapungua. Shingo na matiti, probu bapa ya mitetemo mingi. Tumbo la mtu mnene, probu ya mviringo, mitetemo michache, na subira.

Mwanzo wake pia ni mambo ya bandari. Mwaka 1955 daktari mmoja wa wanawake huko Glasgow, jiji la kuunda meli, Ian Donald, alipakia kwenye gari vivimbe vilivyotolewa matumboni mwa wagonjwa wake, akavipeleka kiwanda cha matangi ya mvuke. Walikuwa na mashine ya kutafutia nyufa ndani ya chuma. Wakaijaribu kwenye vile vivimbe, na pande la steki kando la kulinganishia. Baadaye akaingia fundi kijana, Tom Brown, wa kampuni ya Kelvin & Hughes, akamtengenezea mashine ya kumpima mtu mzima, na mwaka 1958 wakachapisha kazi yao. Wengi humtaja daktari. Mimi, fundi wa mashine za hospitali, namtaja Brown.

Sasa nikwambie ninayoyaona upande wangu, maana hamsa na ishirini ya miaka nimekuwa nikiyaona mashine haya kwa nyuma, pale penye vumbi. Probu ile unayoiona kama kiwembe cha kunyolea, ndani yake mna vipande vya fuwele ya umeme, mara nyingi 128, vimepangwa kama meno ya kitana. Ukivipa umeme vinatetemeka, vikitetemeshwa vinatoa umeme. Ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waliligundua hilo la pili mwaka 1880. Probu ikianguka, au kamba yake ikakanyagwa na gurudumu la kiti, meno kadhaa hufa. Najua vipi? Nanyoosha klipu ya karatasi, naupaka jeli uso wa probu, naupitisha ule waya polepole kutoka ncha hadi ncha. Kwenye skrini kila jino linawaka waya unapopita juu yake. Penye jino lililokufa pana giza, na giza hilo linashuka kama mstari mpaka chini ya picha. Wapo waliopima wagonjwa miezi na mstari ule, wakiuona kila siku, wakidhani ndivyo mashine ilivyo.

Siku moja niliitwa kliniki moja, sitaitaja, kwa habari kwamba mashine "imepofuka". Nikavuka na sanduku langu. Nikamkuta kijana mmoja mpole, shati limeloa jasho, mkono mmoja umeshika probu kana kwamba itamtoroka. Dirisha wazi, jua la saa tisa limekaa juu ya skrini. Naye, kwa kuwa haoni, ameongeza mwangwi mpaka mwisho wa kitufe, picha nzima nyeupe kama tui. Nilivuta pazia. Nikarudisha kitufe katikati, nikapunguza kina kutoka sentimita 24 hadi 15. Figo ikajitokeza, na mviringo wake na kiini chake. Kwenye hati ya kazi niliandika: mashine nzima. Sikuwatoza, na mamako mpaka leo ananidai nauli ya siku ile.

Yule kijana alikuwa na cheti. Nilimuuliza, taratibu, chuoni aliwapima wagonjwa wangapi mwenyewe. Akanambia mashine ilikuwa moja, wao wengi, mwalimu akipima wao wakitazama juu ya mabega. Sikumlaumu. Alifundishwa kutazama.

Na hili la pili unalijua nusu. Mwaka ule mamako alipokuwa akishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, usiku, hasa baada ya vyakula vya harusi, tulimpeleka mahali akapigwa altrasaundi. Majibu: hakuna kitu. Tukarudi na dawa za vidonda vya tumbo. Wiki tatu baadaye tukaenda kwingine, tukampata mama mmoja wa makamo, miwani imemshukia puani. Kabla hajaigusa mashine alimuuliza mamako: "Leo umekula nini?" Mamako akamwambia, mahamri na mbaazi za nazi. "Na siku ile ya kwanza?" Mahamri na mbaazi za nazi. Yule mama akacheka, akafunga kitabu. Akasema mfuko wa nyongo ukipata mafuta hujikamua wote, ukawa kama puto lililotolewa upepo. Ndani humwoni mtu. Njoo kesho, usile chochote tangu usiku.

Kesho yake nilikuwapo. Mfuko ulikuwa umejaa, mweusi, mzuri, kama embe bichi lililokatwa. Ndani yake nukta tatu nyeupe, na nyuma ya kila nukta kivuli cheusi kimeshuka, kwa sababu sauti haipenyi jiwe. Akamwambia mamako ageukie ubavu wa kushoto. Zile nukta zikabiringika. "Kinyama hakibiringiki," akanambia, hata hakugeuza shingo. "Jiwe linabiringika." Mashine yake ilikuwa mbovu kuliko ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitengeneza, kwa hiyo naweza kuapa.

Basi rudi kwenye karatasi zako. Njia ya hapa kwetu, walioizoea wengi, ni kuanza na diploma ya picha za matibabu pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, eksirei na wenzake, miaka 3, kisha mtu akapanda diploma ya juu ya altrasaundi. Hata Uingereza kwa miaka mingi desturi yao imekuwa hiyo: mpiga eksirei kwanza, altrasaundi baadaye. Marekani wao wameitenga iwe digrii yake yenyewe, unaingia moja kwa moja, na ukimaliza unafanya mitihani ya ARDMS, shirika lao la kuwapa vyeti wapimaji wa altrasaundi, mmoja wa fizikia ya mawimbi na mashine, mwingine wa sehemu uliyoichagua: tumbo, uzazi, mishipa, moyo. Kozi ikiwa haijatambuliwa na CAAHEP, wakaguzi wao wa kozi za afya, njia ya kuufikia mtihani ule inarefuka. Karatasi yenye wasichana wanaocheka haikulitaja neno hilo popote. Nimeisoma mara tatu, na miwani.

Sikukatazi ng'ambo. Ila waandikie wote, wa hapa na wa huko, maswali haya haya: mashine ngapi kwa wanafunzi wangapi? Wagonjwa nitawapimia hospitali gani, saa ngapi kwa wiki, na nani atakuwa amesimama nyuma yangu? Atakayekujibu kwa tarakimu, huyo tumfikirie. Atakayekujibu kwa picha ya jengo, mwachie jengo lake. Ukiniuliza moyo wangu, unataka diploma kwanza, hapa, penye wagonjwa wengi na mashine ya kuparamia, digrii ije ukiwa mkono wako tayari unajua ini lilipo gizani. Mamako atasema nakubania. Asome barua hii, ruhusa.

Mambo mawili ambayo chuoni husemwa upesi upesi. Bega lako. Wengi wa kazi hii wanaumwa bega, kifundo cha mkono na shingo, nimewaona wakijikanda mlangoni kabla ya mgonjwa wa kumi. Mvute mgonjwa hadi ukingo wa kitanda, inua kiti, kiwiko kisiruke mbali na mwili, probu uishike kwa kiganja kizima, usiibane kwa ncha za vidole. Unalala ubavu ule ule na simu usiku kucha. Anza kuacha sasa.

La pili ni uso wako. Wagonjwa wako wengi watakuwa waja wazito. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki 24, na mapema zaidi ndipo umri wa mimba hujulikana sawasawa, kwa kukipima kichanga kutoka utosini mpaka makalioni. Atakuuliza mume au mke, na wewe wakati huo unatazama kondo limekaa wapi, isije ikawa limeziba mlango. Hatazami skrini, haielewi. Anakutazama wewe. Ukikunja kipaji kwa sababu kiti kinakuuma, yeye keshazika mtoto. Na kuna siku mapigo hayatakuwapo kweli. Usiruke kusema, usidanganye pia. Yule mama wa miwani nilimsikia akisema, "Nipe muda nitazame vizuri, nitakwambia ninachokiona," akautoa mkono wake wa kushoto, akamshika yule bibi kidole. Nilikuwa chini ya meza natengeneza stabilaiza. Nilikaa huko huko mpaka walipomaliza.

Na sitara, binti yangu. Hapa Mombasa wapo wanawake wanaorudi nyumbani na uvimbe wao kwa sababu aliyekuwa chumbani ni mwanamume. Watakutafuta. Shuka iwe safi, funika kila usichokipima, sema kabla hujagusa.

Ukirudi wiki ijayo, Jumamosi nina mashine moja ya kusafisha. Chujio lake limejaa vumbi kama pamba ya mto, na chumvi ya pwani imeanza kula viungo vya waya. Nimemwomba ruhusa mwenye chumba ubaki nami baada ya wagonjwa kwisha. Nitalala mimi kitandani. Sitakula tangu usiku wa Ijumaa, mamako nimeshamwambia asinikaangie kitu. Utaanza chini ya mbavu za kulia, probu ikitazama juu kidogo, nami nitavuta pumzi nizuie. Sitakwambia mfuko wa nyongo uko wapi. Utautafuta.

Beba sweta, kile chumba kina baridi.

Baba'ko