Kaka, binti yako alikuwa anasikiliza

Kaka,

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kuuacha, basi nakuandikia hapa. Utajijua mwenyewe.

Nasikia unawaambia watu kwamba mjini kumeniharibu, kwamba nimekwenda mahakama ya mwanzo kuweka pingamizi la mirathi kwa tamaa ya shamba la marehemu mzee wetu. Tamaa gani? Zabibu zile huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu ni mimi na mama tuliozipogolea, wewe ukiwa Dar. Nani alihangaika na kupulizia dawa mvua zilipochachamaa?

Lakini si shamba linaloninyima usingizi. Ni siku ile ya kuanua matanga. Wazee wamekaa vitini, sisi mkekani karibu na jiko. Ukamwita mwanao wa kiume ukamkalisha kwenye kiti cha mama, eti ajifunze mambo ya ukoo. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa, akapita na jagi na beseni, akipiga magoti kwa kila mwanaume, mpaka akafika kwa mdogo wake. Mtoto wa watu aliona haya; alinyoosha vidole tu. Hapo hapo ukasema: "Mtoto wa kike ni wa kuolewa. Ukimpa ardhi, umewapa ukoo mwingine." Binti alikuwa bado magotini. Akakutazama, kisha akanigeukia mimi, kama anayejiuliza huyu shangazi amefuata nini hapa.

Kaka, hilo siwezi kulisamehe upesi. Watoto wale wawili hawakuzaliwa wanajua nani ni wa kiti na nani ni wa mkeka. Tuliwafundisha mchana ule, na ugali wa uwele haujapoa.

Unasema ni mila ya Wagogo. Kanuni inayowaweka mabinti daraja la tatu, nyuma ya kifungua mimba wa kiume na wana wengine wa kiume, iliandikwa na serikali katika tamko la sheria za kimila la mwaka 1963. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa kuwa ni mwanamke. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Bi. Holaria Pastory wa Kagera aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akampinga, na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akampa haki mama yule. Na kama ni mila, muheme ni ya nani? Mama alipoibana ngoma ile mapajani, ni wewe uliyekuwa ukishangilia kuliko wote.

Wewe ndiye uliyeuza beberu wako ninunuliwe sare. Mto Kinyasungwe ulipofurika, ulinivusha mgongoni nisikose mtihani wa darasa la saba, maji yamekufika kifuani. Hakuna aliyekutuma. Kama mimi ni wa kuolewa tu, ulinibeba wa nini? Kaka yule namjua, na ndiye ninayemdai.

Pingamizi siliondoi. Niwie radhi kwa aibu unayoipata kijijini, ila ningenyamaza, binti yako angeamini ulichosema.

Sehemu nitakayopewa, nusu nitaiandika kwa jina lake. Mwambie wewe baba yake. Usipomwambia, Jumamosi nakuja kupogolea, nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako