Msimlaumu bawabu kabla ya kusoma maagizo yake

Mhariri,

Malalamiko kuhusu mabawabu wa majengo ya ofisi jijini Nairobi hayaishi. Huyu kaachwa kwenye mvua kwa kuwa jina lake halimo kwenye orodha. Yule kaambiwa arudi nyumbani kuchukua kadi ya kazi, na anayemwambia hivyo anamwita kwa jina na kumjulia hali ya watoto. Watu husimuliana visa hivi wakati wa chakula cha mchana na kucheka hadi machozi. Sisi tunaosimamia majengo ya aina hiyo tunaomba nafasi tueleze visa hivyo hutoka wapi, maana vingi huzaliwa na karatasi ambayo wanaolalamika hawajawahi kuiona.

Karatasi hiyo ni maagizo ya lindo. Kila lindo, liwe lango la magari, meza ya mapokezi au mlango wa nyuma, linapaswa kuwa na ukurasa wake unaosema nani aingie, kwa kibali gani, na nani apigiwe simu pakiwa na shaka. Katika majengo mengi ukurasa huo uliandikwa siku mkataba wa ulinzi ulipotiwa sahihi na haujaguswa tena. Wapangaji waliotajwa humo wamekwisha kuhama na nambari za simu hazipatikani. Bawabu akikwama hana wa kumuuliza. Tena anajua vizuri kwamba akimpitisha mtu asiyefaa, kesho hana kazi. Akimzuia mtu anayefaa kwa dakika arobaini, hakuna wa kumwuliza neno. Katika hali hiyo mtu yeyote angezuia. Ukaidi tunaomlaumu nao tumemwajiri nao.

Tazama kitabu cha wageni. Kwa kawaida kina tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, simu, mahali mgeni atokako, anayekuja kumwona, ghorofa, shughuli, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi. Safu kumi na moja, kalamu moja iliyofungwa kwa uzi. Mgeni mmoja akichukua dakika moja tu, na wageni sitini wakafika kati ya saa mbili na saa mbili na nusu asubuhi, nusu yao bado watakuwa wamesimama mlangoni mikutano yao ikianza. Matokeo yake kila mtu anaandika chochote. Safu ya shughuli inajaa neno “kikazi” kutoka juu hadi chini, kisha linakuja lile alama la “kama hapo juu” linaloteremka ukurasa mzima, hata kwenye safu ya simu. Wachezaji wa Arsenal na Manchester United wamekwisha kuzuru majengo yetu mara nyingi kwa mujibu wa vitabu hivyo. Bawabu hasomi, kwa sababu foleni inamsukuma mgongoni.

Safu inayotutia hofu ni ile ya saa ya kutoka. Mchana kutwa huwa tupu. Jioni bawabu huijaza mwenyewe kwa kukisia, kwa sababu msimamizi wa kampuni akipita usiku huikagua hiyo kwanza. Basi jengo likishika moto saa sita mchana, kitabu kinachopaswa kubebwa nje ili watu wahesabiwe hakiwezi kusema nani yumo na nani alishaondoka. Wazimamoto wataingia ndani ya moshi kumtafuta mtu aliyetoka saa tatu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Punguzeni safu ziwe nne: jina, ofisi aendako, kuingia, kutoka. Mpeni mgeni beji yenye nambari, na ubao wenye ndoano zilizoandikwa nambari hizo hizo uwekwe nyuma ya meza. Beji ikirudi, saa ya kutoka inaandikwa papo hapo. Ndoano zilizo tupu ndizo watu walio ndani, na bawabu anaziona kwa mtupo mmoja wa jicho. Wapangaji nao wapeleke mapokezi orodha ya wageni wa kesho kabla ya saa kumi jioni, iliyochapishwa. Orodha inayobaki kwenye baruapepe ya meneja haimsaidii bawabu asiyekuwa na kompyuta, na ndiyo maana mfanyakazi aliyeombewa ruhusa ya kuja Jumamosi hukuta lango limefungwa na bawabu akiapa kwamba hajasikia lolote.

Kuhusu vitambulisho kuna mkanganyiko ambao si kosa la bawabu hata kidogo. Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016, kifungu cha 48, inamruhusu anayelinda mlango amtake mtu ajitambulishe, aandike saa za kuingia na kutoka, na ashikilie kitambulisho chake kwa muda. Kifungu hicho hicho kinakataza habari za kitambulisho zitumiwe kwa jambo lingine lolote. Januari 2024 mamlaka inayodhibiti sekta hiyo iliagiza walinzi waache kuvishikilia vitambulisho milangoni. Agizo lilisomwa kwenye vyombo vya habari, lakini majengo mengi hayakubadilisha ule ukurasa wa lindo. Bawabu akishikilia kitambulisho, mgeni anamtajia agizo. Asiposhikilia, msimamizi wake anamwonyesha ukurasa.

Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika. Kitabu kilichoachwa wazi mezani kinampa kila aliye kwenye foleni majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu za watu ishirini, na kukipiga picha kwa simu ni kazi ya sekunde mbili. Wanawake wengi wamelalamika kwamba baada ya kuandika nambari zao mlangoni hupigiwa na watu wasiowajua. Kitambulisho kitazamwe, uso ulinganishwe na picha, kirudishwe. Nambari yake isiandikwe kama hakuna sababu, na kurasa zilizokwisha zifungiwe kisha ziteketezwe baada ya muda uliowekwa. Zisipewe muuza mandazi akafungie.

Sasa upekuzi. Nairobi hakuna asiyejua kwa nini tunapekuliwa. Shambulio la jengo la maduka la Westgate la Septemba 2013 liliua watu 67, na lile la hoteli ya DusitD2 la Januari 2019 liliua 21. Baada ya hapo kila jengo lilitaka ile fremu ya chuma ya kupita katikati na kile kifimbo cha mkononi. Vifaa vililetwa lakini mafunzo hayakutosha. Fremu hugundua chuma, haigundui baruti. Kama mtu hatoi simu, funguo na mkanda kabla ya kupita, italia kwa kila mtu, na mlio unaolia kwa kila mtu huacha kusikika. Utaona bawabu amesimama kando ya mashine inayolia asubuhi nzima, akiwapungia watu mkono wapite. Ama awekewe kimeza na trei kabla ya fremu, na mwenzake mmoja wa kuangalia mifuko, au fremu hiyo izimwe, kwani kwa hali ilivyo inatuliza wapangaji bila kumzuia mtu.

Kifimbo nacho kipitishwe taratibu, sentimita chache tu kutoka mwilini, kuanzia bega hadi kifundo cha mguu, mbele na nyuma. Tunachokiona ni mzunguko mmoja wa haraka kiunoni. Mara nyingi betri imekufa, kwa sababu bajeti ya jengo haina mstari wa betri na bawabu hawezi kuinunua kwa mshahara wake. Bawabu akijaribu kifimbo kwenye bakuli lake la chuma la ugali asubuhi na kikakaa kimya, aandike kwenye kitabu cha matukio na kukiweka kando. Kwenye magari, kioo cha kutazamia chini kinatakiwa kupita kwenye matao ya magurudumu, tangi la mafuta na bomba la moshi. Badala yake hugusishwa bampa ya mbele, buti ikafunguliwa na kufungwa, na kiti cha nyuma kilichojaa mifuko hakitazamwi kamwe.

Kuna na hili la suti. Aliyevaa suti na kutembea haraka hupita, wakati kijana wa bodaboda aliyeleta chakula anapekuliwa mpaka kofia na kuambiwa atumie ngazi. Tunalisema waziwazi kwa sababu linaumiza na pia ni udhaifu mkubwa: mwenye nia mbaya hatakosa kununua suti. Bawabu hufanya hivyo kwa kuwa aliyewahi kumsimamisha mkurugenzi alihamishwa lindo siku iyo hiyo. Mkurugenzi wa kila ofisi na aanze yeye kufungua mkoba bila kuombwa, mbele ya wafanyakazi wake, na bawabu atapata nguvu ya kumwomba kila mtu. Na kila zamu ya mchana iwe na bawabu wa kike. Asipokuwepo, wanawake ama hupita bila kuguswa ama hupekuliwa kwa namna isiyo ya heshima.

Kadi zilizosahaulika ni habari ya mabadiliko ya walinzi. Kampuni huwahamisha mabawabu kila baada ya miezi michache ili wasizoeane mno na wafanyakazi, na sababu hiyo ina uzito. Kosa ni kuwahamisha wote siku moja. Jumatatu wanakuja watu watatu wasiomjua yeyote, na zamu wamekabidhiana saa kumi na mbili asubuhi jengo likiwa tupu, hivyo hawakuonyeshwa hata sura moja. Ahamishwe mmoja, abaki mwenyeji wa kumwelekeza bawabu mgeni kwa wiki mbili. Mapokezi pia pawe na faili la picha za wafanyakazi, ofisi kwa ofisi, ili aliyesahau kadi atambuliwe na kupewa beji ya siku hiyo badala ya kurudishwa nyumbani Rongai, nje ya jiji.

Kompyuta za mkononi zinagombanisha watu kila Ijumaa. Bawabu anadai kibali cha kutoa mali kilichotiwa sahihi, na mwenye kutia sahihi ameondoka saa tisa. Hata kibali kikiwepo, mara nyingi nambari iliyoandikwa ni ya aina ya kompyuta, siyo ya kompyuta yenyewe. Zote mbili ziko kwenye kibandiko kimoja upande wa chini, kwa herufi ndogo sana. Kompyuta thelathini za ofisi moja zinashiriki nambari ya aina, kwa hiyo rekodi hiyo haimkamati mwizi yeyote. Kila mwenye kompyuta ya kazi apewe kadi ya kudumu yenye picha yake na nambari halisi ya mashine. Bawabu ageuze kompyuta, alinganishe, ampungie mwenyewe kwaheri.

Milango ya dharura hatutaipitia juujuu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikubali mlango wa kutokea ufungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua kwa urahisi watu wakiwa kazini. Hata hivyo tunakuta kufuli kwenye ngazi za nyuma, na ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi aliyekwenda doria ghorofa ya tisa. Bawabu ameweka kufuli kwa sababu aliambiwa watu hutorokea huko bila kukaguliwa. Mlango huo unahitaji kitasa cha kusukuma kutoka ndani na kengele inayolia ukifunguliwa. Atakayetoroka atasikika, na atakayekimbia moto atatoka.

Hatimaye tuseme kuhusu mtu mwenyewe. Amri ya mishahara ya sekta ya ulinzi ya mwaka 1998 iliweka wiki ya kawaida ya saa 52 kwa siku sita. Zamu ya saa kumi na mbili kwa siku sita ni saa 72. Zile ishirini za ziada ziko wapi kwenye hati ya malipo? Mwenye lindo la peke yake hana wa kumshikia akienda msalani, ndipo hufunga lango kwa kufuli na kuondoka, na magari saba yakapiga honi barabarani. Malindo sita yanahitaji angalau bawabu mmoja wa saba wa kushika siku za mapumziko, na bado anatakiwa mtu wa kupokezana mchana. Kampuni iliyoshinda zabuni kwa bei ya chini kabisa imepunguza watu hao, na mwenye jengo aliijua bei hiyo alipotia sahihi.

Pia apewe kiti, maji na redio ya mkononi inayofanya kazi. Tarehe 7 Agosti 1998, kwenye ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, mabawabu wa lango la nyuma walikataa kulifungulia lori lililobeba bomu. Mmoja wao alijaribu kuwaita wenzake wa ndani kwa redio na simu, lakini njia zilikuwa zinatumika. Hadi leo kuna majengo ya ghorofa kumi na tano ambayo bawabu wa lango hutumia simu yake binafsi, na salio lake binafsi, kuita msaada.

Mambo haya huamuliwa kwenye mkutano wa wapangaji kuhusu ada ya huduma. Bawabu haalikwi, na asiyekuwepo na lake halipo. Kila mpangaji anayelipa ada hiyo aombe nakala ya maagizo ya lindo la mlango wake, aangalie tarehe yake, apige zile nambari za simu zilizoandikwa humo, na ailetee mkutano majina ya wasiopokea. Betri, trei, beji na redio ziandikwe kwenye bajeti kwa majina yake, tusiziache zimefichwa ndani ya neno “ulinzi”.

Wasimamizi wa majengo ya ofisi,
Nairobi