Maziwa yaliyowadhuru watoto baada ya Chernobyl

Mhariri,

Ajali ya nyuklia ikitajwa, wengi wetu huwaza mlipuko, ilhali watoto wengi walioumia baada ya kinu cha Chernobyl, huko Ukraine iliyokuwa chini ya Muungano wa Kisovieti, kulipuka tarehe 26 Aprili 1986 walidhuriwa na bilauri ya maziwa: iodini yenye mionzi ilitua kwenye majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa, nayo ikajikusanya katika tezi dundumio, ile iliyo shingoni, ikawaletea saratani. Nguvu ya iodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, hivyo kuacha maziwa mabichi kwa majuma machache kungewanusuru wengi. Poland iliwanywesha mamilioni ya watoto dawa ya iodini isiyo na mionzi mapema, ili tezi ijae na isifyonze ile yenye mionzi; serikali ya Kisovieti, na hili linanichoma moyo, ilitangaza ajali yenyewe jioni ya tarehe 28.

Msomaji wako,
Dodoma